Harusi ya Mwanamfalme Labda

Ukifungua ramani kuitafuta nchi ya Sifuni hutaiona, kwa hiyo usijichoshe. Na kama katika kusimuliwa utahisi umewahi kuishi humo, au una shemeji anayefanya kazi humo, hayo ni yako na moyo wako. Mimi nasimulia tu.

Nchi hiyo ilitawaliwa na Mfalme Ndivyo wa Nne, mtu mpole sana, ambaye katika miaka thelathini na mmoja ya utawala wake hakuwahi kupingwa na mtu aliye hai. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Mwanamfalme Labda, kijana mwembamba anayependa kusoma, ambaye alipoulizwa kama yuko tayari kuoa alijibu kwa jina lake. Jibu likapokelewa kuwa ni ndiyo. Akatafutiwa mchumba, Raziya, binti wa mwalimu wa hesabu kutoka wilaya ya mpakani. Mwalimu alipelekewa barua ya kumpongeza kwa kukubali, naye alipoisoma ndipo akajua kwamba amekubali.

Wizara ya Shangwe na Hisia za Taifa ikatoa tangazo. Hakuna mwananchi atakayelazimishwa kuhudhuria. Kila mmoja aje kwa hiari yake saa mbili kamili asubuhi, mahali alipopangiwa, akiwa amevaa nguo safi. Atakayependa kubaki nyumbani ni haki yake, ila alete sababu tatu kwa maandishi, na moja kati ya hizo iwe kifo. Vigelegele visipungue sekunde ishirini. Machozi ya furaha yaliruhusiwa kwa wanawake wote, na kwa wanaume waliozidi umri wa miaka hamsini.

Basi watu wakafurahi.

Katika mtaa wa Magunia alikuwapo mwanamke mmoja aitwaye Kidawa, mpishi wa vitumbua, wa miaka thelathini na minne, mwembamba kuliko unavyomtarajia mtu wa kazi ile. Mumewe, Hiyari, alikuwa fundi baiskeli. Walikuwa wameoana miaka kumi na mmoja na hawakuwa wamejaaliwa mtoto. Hawakuwa watu wa siasa. Siasa ikipita barabarani walikuwa wakiingia ndani, wakifunga mlango, na kusubiri ipite.

Lakini Kidawa alikuwa na udhaifu mmoja: harusi. Hata akiwa na beseni la vitumbua kichwani, akisikia tarumbeta alikuwa akigeuza njia. Alipenda kusimama kando, mtu asiyealikwa, na kumtazama bibi harusi anavyoshuka garini, anavyokanyaga kama ardhi ni yai. Labda ni kwa sababu harusi yake mwenyewe iliharibika. Siku ile mvua ilinyesha, upepo ukabeba turubai, pilau ikaingia maji, na mpiga picha aliyekodiwa akabahatika kupiga picha moja tu, nayo ilikuwa ya mbuzi.

Asubuhi ya harusi ya kifalme mumewe alimwangalia anavyojipamba, kanga moja kaifunga kiunoni juu ya gauni, nyingine kajitanda, akaingiwa na wasiwasi.

"Mke wangu, shangilia sawa na wenzako," alimwambia. "Usizidishe, usipunguze. Anayepunguza wanamwuliza ana nini, na anayezidisha wanamwuliza anaficha nini."

"Nakwenda kumwangalia bibi harusi, Hiyari. Siendi vitani."

"Haya. Angalia, kisha rudi."

Wakaachana mlangoni. Hiyari alipangiwa Kona ya Bohari, Kidawa Kona ya Samli, kwa kuwa Wizara ilikuwa imegundua kwamba mume na mke wakisimama pamoja hunong'onezana.

*

Na tuseme kweli, harusi ilipendeza. Anayesema haikupendeza ana lake jambo.

Kwanza ilipita bendi, tarumbeta sitini zinazong'aa hadi ukilitazama jua unaona afadhali. Wakafuata askari wa gwaride waliovaa kofia za manyoya, na kwa vile jua lilikuwa kali, kila baada ya hatua mia askari mmoja alikuwa akianguka chini kimya kimya, anavutwa miguu, na mwingine anatokea pembeni na kushika nafasi yake kabla wimbo haujageuka. Wakafuata wasichana mia mbili wakimwaga maua. Wakafuata wazee mia mbili wakiyaokota yale maua na kukimbilia mbele, wakawape tena wasichana.

Kidawa alisahau kila kitu. Ngoma zilimwingia kifuani, zikampiga pale ambapo mtu hujiona mdogo na mkubwa kwa wakati mmoja. Alisahau jiko, akasahau hamira aliyokusudia kuinunua, akasahau hata onyo la mumewe. Lilipotokea gari la bibi harusi, gari la dhahabu linalovutwa na farasi wanane weupe, machozi yakamtoka yenyewe, wala hakukumbuka kibali cha Wizara.

Farasi walikuwa weupe sita kwa kuzaliwa na wawili kwa chokaa. Sasa wale wa chokaa walianza kutoka jasho, na mmoja likamwingia machoni. Akasimama. Akagoma. Gari likakwama pale pale Kona ya Samli, na macho ya watu wote yakamwelekea farasi, maana hilo lilikuwa jambo la kwanza siku ile ambalo halikuwa kwenye ratiba.

Ni wakati huo Kidawa alipohisi mtu anamvuta kanga.

Akageuka. Nyuma yake alisimama msichana wa miaka kama ishirini, miguu mitupu, amevaa shimizi jeupe jepesi. Jua lilikuwa linaunguza lakini yule msichana alikuwa anatetemeka kama aliyetolewa kisimani. Mikono yake ilikuwa na hina iliyochorwa mpaka viwikoni, maua madogo madogo, kazi ya siku mbili nzima.

"Dada, nistiri," alisema.

"We mtoto, nguo zako ziko wapi?"

"Nistiri kwanza, dada. Nakuomba."

Kidawa hakufikiri. Mwanamke akiambiwa nistiri hafikiri. Alivua kanga aliyojitanda, akamfunika kichwa na mabega mpaka hina ikapotea.

"Mungu akustiri na wewe," yule msichana akasema, akapenya katikati ya watu wawili wanene, akaingia uchochoro wa wauza magunia. Hakuonekana tena.

Farasi akapigwa, gari likaondoka. Lilipokata kona upepo ukavuma, ukainua pazia la dirisha, na watu wote wa Kona ya Samli wakaona ndani.

Kiti kilikuwa kitupu. Palikuwa na shada la maua juu ya mto, na chini gauni jeupe limerundikana kama povu, na pembeni yake viatu viwili vya dhahabu vimelala ubavu.

Pumzi mbili hivi zikapita. Watu elfu na zaidi, na ungeweza kusikia kwato. Kisha mwanamume mmoja mwenye suti, mtu anayeonekana ana familia, akapaza sauti:

"Mashaallah! Mzuri huyo!"

"Na shingo yake!" akadakia mwingine haraka.

"Kama ya twiga!"

"Ameniangalia mimi! Jamani, ameniangalia mimi!"

Vigelegele vikapasuka kona nzima, vikazidi sekunde ishirini, vikafika hamsini, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyamaza. Na Kidawa akavipiga pamoja nao, huku akili inamrudisha kwa yule msichana. Mikono yenye hina. Shimizi jeupe. Miguu mitupu.

Kanga yangu, akawaza. Mama yangu, kanga yangu!

*

Kabla hajapiga hatua kumi barabara ilifungwa kwa malori. Meza zikashushwa, viti vikapangwa, na juu ya kreti ya soda akapanda mtu mfupi anayenukia marashi, leso yake imelowa kwa kujifuta jasho. Huyo alikuwa Bwana Fumbwe, Naibu Mkurugenzi Mwandamizi wa Idara ya Mwonekano.

"Ndugu watazamaji wapendwa," alisema, "hakuna lililotokea. Ili kubaini ni kitu gani hasa ambacho hakikutokea, Idara itawauliza maswali machache. Jibuni kwa uhuru. Majibu yataandikwa."

Foleni ikapangwa. Kidawa alikuwa wa kumi na tisa, na masikio yake yalivuta kila neno.

"Ulimwona bibi harusi?"

"Nilimwona, bwana mkubwa. Alivaa kijani."

"Wewe?"

"Nilimwona kabisa. Alivaa nyeupe yenye kijani."

"Wewe je?"

"Alivaa nyeupe, bwana, ila kwa mbali inavuta kwenye kijani."

Karani akaandika kwamba rangi ya gauni imethibitishwa na mashahidi watatu. Ikafika zamu ya muuza miwani, mtu mfupi mwenye sanduku lake kifuani, ambaye alikuwa mbele ya Kidawa.

"Ulimwona bibi harusi?"

Yule mtu alijikuna shingo. "Mheshimiwa, mimi nauza miwani. Macho yangu mazima. Kile kiti kilikuwa kitupu."

Bwana Fumbwe hakukasirika. Alimwonea huruma. Akaamuru apelekwe kupimwa macho, na watu wawili wakampakia kwenye gari lisilo na madirisha. Sanduku la miwani likabaki mezani, likaandikwa kwenye daftari, na hakuna aliyelidai hadi leo.

"Anayefuata."

Miguu ya Kidawa ilimpeleka yenyewe.

"Ulimwona bibi harusi?"

"Nilimwona," alisema Kidawa. Na katika watu wote wa kona ile waliosema wamemwona, ni yeye peke yake aliyesema kweli.

"Alikuwaje?"

Alitafuta uongo, asiupate. Ulimi ukaokota kile ulichokuwa nacho.

"Alikuwa... alikuwa na hina mpaka viwikoni."

Bwana Fumbwe alimkazia macho. "Bibi harusi alivaa glovu ndefu. Hina umeionea wapi?"

Kidawa alisikia damu ikishuka kutoka kichwani, ikipita magotini, ikienda zake.

"Bwana mkubwa," alisema, na sauti ikamtoka kama ya mtu mwingine, "bibi harusi gani asiye na hina? Hata usipoiona unajua ipo. Kama vile... kama vile Serikali."

Karani aliangalia juu. Bwana Fumbwe alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Andika hiyo," alisema. Kisha macho yake yakateremka kwenye mabega ya Kidawa.

"Kanga huuzwa doti, mama. Naona moja. Ya pili iko wapi?"

"Ilidondoka nikishangilia."

"Ilidondoka."

"Nilikuwa nimerusha mikono, bwana. Sikujijua."

"Andika," Bwana Fumbwe akamwambia karani. "Alishangilia mpaka nguo ikamdondoka. Kiwango cha juu kabisa." Akamtazama Kidawa toka unyayo hadi utosi, akainuka, akatoa futi ya fundi cherehani mfukoni, akampima palepale mbele za watu. Futi tano na inchi tatu.

"Kimo ni kile kile cha bibi harusi," Bwana Fumbwe alinong'ona. "Mama, njoo nyuma ya lori."

*

Nyuma ya lori ile sauti yake ya juu ya kreti ilimwishia.

"Sikiliza," alisema. "Mfalme amesimama roshanini tangu saa tatu. Mabalozi wameshainua kamera. Gari nimelizuia karakana ya manispaa, nimesema farasi anapewa maji, na farasi hawezi kunywa maji saa nzima. Likifika tupu nitanyongwa. Na kabla sijanyongwa wataniomba orodha ya watu wa kona hii, nami jina la kwanza nitakaloandika ni lako, kwa sababu ndilo ninalolikumbuka."

"Bwana mkubwa, mimi ni mpishi wa vitumbua."

"Leo hukupika."

"Nina mume!"

"Hakuna anayekuoza. Ndoa ilifungwa jana baina ya wanasheria. Wewe utakaa, utapunga, utasimama roshanini robo saa, utaondoka. Shela haifunuliwi. Ukifunua shela, nchi itaanguka. Na nchi ikianguka, mama, itakuangukia wewe kwanza."

Kidawa akauliza kilichokuwa kikimchoma, akijitahidi kuuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Na mwenyewe je? Hamtamtafuta?"

"Tumtafute vipi?" Bwana Fumbwe alimshangaa. "Bibi harusi yumo garini. Serikali haiwezi kumtafuta mtu aliyemo garini. Ni kinyume cha taratibu."

Hapo Kidawa alielewa. Kila dakika atakayokaa kwenye kile kiti ni dakika ambayo hakuna mbwa atakayefunguliwa, hakuna njia itakayozibwa, hakuna mpaka utakaofungwa. Alikuwa anaogopa mpaka meno yanagongana, wala hakuwa shujaa. Alisema tu, "Nivalisheni."

Akapelekwa karakana, na gauni likamkaa. Viatu vilimbana, lakini viatu vya bibi harusi vimeumbwa kubana. Glovu zikaficha mikono yenye makovu ya mafuta ya moto. Shela ikashushwa, gari likaondoka, naye akawa anatazama harusi ya kifalme kwa mara ya pili siku ile, safari hii kwa kutokea ndani.

Kwa nje alikuwa ameona watu wenye furaha. Kwa ndani, kupitia kitambaa chembamba, aliziona nyuso zao moja moja zikimjia dirishani. Vinywa vilikuwa vinacheka. Macho yalikuwa hayachekeshwi na kitu. Yalikuwa yanakimbia, kushoto kwa jirani, kulia kwa mkaguzi, yanarudi kwake kumwomba: tuone, tumeshangilia, tuandikie tumeshangilia. Mama mmoja alikuwa anamfinya mtoto mgongoni ili alie kwa furaha. Kilomita nzima, uso baada ya uso, na kila mmoja akidhani ni yeye peke yake anayeogopa. Kidawa alitaka kuwafunika wote kanga.

Kwenye Kona ya Bohari alimwona Hiyari.

Alikuwa amesimama mstari wa mbele, shati la kijivu, mikono ina weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni. Kidawa alisahau aliyoambiwa. Mkono wake wa kushoto ukainuka wenyewe ukampungia, maana alikuwa mtu wa mashoto.

"Wa kulia!" Bwana Fumbwe akafoka kwa kunong'ona kutoka kiti cha nyuma. "Bibi harusi wa Sifuni hupunga kwa kulia!"

Hiyari alikodoa macho. Kisha akafungua kinywa, akapiga kelele kuliko mtu yeyote pale, shingo ikamvimba mishipa: "Bibi harusi mzuri! Mzuri mno! Sijapata kuona!"

Gari likapita. Hakunijua, akawaza Kidawa. Miaka kumi na mmoja, na hakunijua. Na ajabu ni kwamba katika hofu zote za siku ile, hilo ndilo lililomliza.

*

Roshani ilikuwa juu kiasi kwamba watu chini walionekana kama mtama uliomwagwa. Mfalme Ndivyo alimtazama bibi harusi jinsi mtu anavyotazama saa ukutani, akasogea kwenye kipaza sauti, akatoa hotuba ya taifa.

"Ndivyo," alisema.

Umati ukalipuka. Mizinga ikapigwa. Mwanamfalme Labda akasogea, akamshika Kidawa mkono. Jasho baridi la mkono wa kijana lilipenya glovu yake. Alikuwa anatabasamu kuelekea chini, na bila kusogeza midomo alisema:

"Wewe si Raziya."

Hatua mbili nyuma yao alisimama Bwana Fumbwe, na nyuma yake askari wanne.

"Mlango wa kushoto wa gari, ni mimi niliyesema usitiwe komeo," yule kijana aliendelea, tabasamu limemganda usoni. "Alikuwa analia kila siku. Niambie jambo moja tu. Ulimwona? Alikuwa na kitu cha kujifunika?"

Kidawa aliwaza haraka. Huenda ni mtego. Katika Sifuni wanaokuuliza kwa ukali wanataka jibu. Wanaokuuliza kwa upole wanataka kichwa. Akisema nimemwona, basi amekiri mbele ya mwana wa mfalme. Akisema sikumwona, huyu kijana, kama ni mkweli, atakaa na swali hilo maisha yake yote. Aliutazama mkono ule juu ya wake. Kidole gumba kilikuwa kinagongagonga, kama cha mtoto anayesubiri sindano.

"Mwanamfalme," alisema polepole, "mimi sikuona mtu. Ila kuna kanga yangu moja imepotea."

Kijana alivuta pumzi ndefu iliyokatika katikati. Machozi yakamjaa, yakamwagika, hakuyafuta.

"Basi ipotee moja kwa moja," alinong'ona.

Redio ya taifa ikatangaza papo hapo kwamba Mwanamfalme amelia kwa ajili ya mapenzi aliyonayo kwa mkewe. Na kwa mara hiyo moja, redio ya Sifuni ikasema kweli.

*

Saa kumi jioni Kidawa alikuwa ofisini kwa Bwana Fumbwe, amevaa gauni lake na kanga yake moja, akisubiri kuuawa. Bwana Fumbwe akamsukumia karatasi ya kutia saini. Iliandikwa kwamba yeye, Kidawa, siku ya harusi hakuwepo mahali popote.

"Hamnifungi?" aliuliza.

"Tukufunge kwa kosa gani, na hukuwepo? Nenda nyumbani, mama. Kaa huko uogope. Watu wakiogopa nyumbani kwao hawahitaji walinzi, na chakula wanajitafutia."

Akaenda nyumbani, akaogopa. Gari likisimama mtaani, mwiko ulikuwa unamponyoka. Mteja mgeni akimtazama mara mbili, alimwongezea kitumbua cha bure ili aondoke. Na kila jioni barazani ilimbidi amsikilize mumewe akiwahadithia majirani.

"Jamani, yule bibi harusi!" Hiyari alikuwa akisema. "Mrefu huyo, mweupe, nywele mpaka hapa. Si mwanamke wa nchi hii, nawaambia. Mtaani kwetu hakuna hata wa kumkaribia."

"Hata mkeo?" jirani mmoja, Bi Sinahamu, alipenda kuchokoza.

"Mke wangu? Mke wangu na yule wapi na wapi!"

Wakacheka. Kidawa akacheka nao. Miezi mitatu alicheka hivyo, na kila alipocheka kitu kilikuwa kinakatika ndani yake, kama uzi unaokatwa kwa meno.

Siku moja saa saba mchana Hiyari alikuwa amekuja kula, redio ikiwa inalia dirishani kama sheria inavyotaka. Ngoma zikakatizwa. Mtangazaji, kwa sauti iliyolowa asali, akatangaza kwamba bibi harusi mpendwa wa taifa ni mjamzito, na kwamba mwezi ujao atatokea roshanini ili wananchi wote walione tumbo.

Nje mtaa mzima ukashangilia. Kidawa alikaa chini sakafuni, mkono umeshika tumbo.

"Miaka kumi na mmoja nimeiomba mimba," alisema kwa sauti ndogo, hajui kama anacheka au analia. "Leo nimepewa na redio."

Kisha akasikia alichokisema. Akaziba mdomo.

Hiyari hakuuliza maana yake. Aliinuka, akaenda dirishani, akaongeza sauti ya redio mpaka mwisho, hata vijiko vikawa vinatetemeka kwenye sahani. Akachuchumaa mbele ya mkewe, mdomo sikioni.

"Nilikujua," alisema.

"Ulinijua lini?"

"Pale pale. Ulipopunga kwa mkono wa kushoto. Nikasema, huyu ni wangu. Nikaona na mtu nyuma yako anakufokea. Nikaona nisipopiga kelele nitaanguka, na nikianguka wataniuliza nimeona nini."

"Na hayo ya barazani? Mrefu, mweupe?"

"Ningesema nini, Kidawa? Kila aliyenisikia anajua bibi harusi hafanani na wewe. Kila siku nilikuwa najenga ukuta." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mbona hukuniambia?"

"Nilitia saini kwamba sikuwepo."

"Na mimi kila jioni barazani nilitia saini kwamba nimemwona mwingine."

Walitazamana. Miezi mitatu walikuwa wamelala kitanda kimoja, kila mtu na hofu yake upande wake, kila mmoja akimlinda mwenzake kwa kumnyamazia. Redioni waziri alikuwa anawashukuru wananchi kwa mchango wao katika ujauzito.

"Watakuja kunichukua," Kidawa alisema. "Tumbo watalifunga kwa mto. Na mtoto je? Mtoto watamtoa wapi?"

"Ndiyo maana tunaondoka sasa hivi, watu wakiwa wanashangilia. Barabara ya mpakani leo hakuna atakayetuuliza kitu. Chukua maji na kitambaa cha kichwa. Usichukue sufuria."

"Baiskeli ya nani?"

"Ya mteja. Mungu atanisamehe."

Walipotoka, Bi Sinahamu alikuwa uani anapiga vigelegele, jicho moja kwenye saa.

"Jamani, mbio hizo wapi?"

"Tunawapelekea wakwe habari njema," akajibu Hiyari, akicheka meno yote.

"Ya mimba?"

"Ya mimba, Bi Sinahamu. Tumefurahi mno, hatuwezi kukaa."

Kidawa akapanda kwenye keria, akamshika mumewe kiuno. Wakaupita msikiti, wakaipita Kona ya Samli, wakafika pale lami inapoishia, na nyuma yao mji mzima bado unapiga kelele. Alikuwa amemlalia mgongoni, na hapo ndipo alipohisi kwamba ule mgongo unatetemeka wote, kuanzia shingoni hadi kiunoni. Na mikono yake mwenyewe ilikuwa inatetemeka vilevile. Baiskeli ikawa inapepesuka, mara kushoto, mara kulia, kama inayoendeshwa na mlevi. Lakini ilikwenda.